Jirani na Damu ya Nyumba ya Pili

Watu wengi huamini ya kuwa ugomvi wa mume na mke si kazi ya jirani. Wakisikia kelele usiku, hufunga dirisha. Wakikutana na wenye nyumba asubuhi, huwaamkia kama kwamba hawakusikia neno. Desturi hii ina hekima yake, maana jirani mdadisi ni adha, na magomvi mengi ya nyumbani huisha yenyewe kabla jua halijapanda. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini siku moja kelele hukoma ghafula, mlango hufunguliwa, na maiti hutolewa. Je, siku ile jirani ana haki ya kuuliza marehemu amekufaje? Na ikiwa anayo, ni haki tu, awezayo kuitumia au kuiacha apendavyo, au ni wajibu?

Katika mtaa swali hili ni dogo, kwa kuwa yuko chifu na wako polisi, nao watauliza hata kama jirani amenyamaza. Baina ya mataifa ni kubwa, kwa sababu huko hakuna chifu anayetiiwa na wote. Vita vinavyopiganwa ndani ya nchi moja tumezoea kuviita vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jina hilo limeficha hukumu ndani yake. Linasema ya kuwa wapiganao ni wenyewe, na wafao ni wao wenyewe, na sisi wengine ni watu wa nje ambao hatuna la kusema. Nataka kulichunguza jina hilo, na sitakwenda mbali kutafuta mfano. Mfano uko Machakos.

Tarehe 20 Julai 2002, katika mji huu wa Machakos, Serikali ya Sudan na chama cha SPLM kilichowapigania watu wa Kusini zilitia saini hati ambayo dunia imeiita kwa jina la mji wetu. Kwa upande wa Serikali alitia saini Ghazi Salahuddin Atabani. Kwa upande wa Kusini, Salva Kiir Mayardit. Shahidi aliyeisimamia kazi ile alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za upande huu wa Afrika. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1983, na inakadiriwa ya kuwa watu milioni mbili walikuwa wamekufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi. Kambi ya Kakuma, katika nchi ya Waturkana, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1992, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo maelfu ya watoto wa Sudan waliofika kwa miguu bila ya baba wala mama. Hati ya Machakos ilikata mambo mawili yaliyowashinda wengi: kwamba sharia ya Kiislamu iendelee kuongoza upande wa Kaskazini lakini Kusini isilazimishwe kuifuata, na kwamba baada ya miaka sita ya mpito watu wa Kusini wapige kura, waamue kama watabaki au watajitenga. Kutokana na hati ile yalipatikana mapatano kamili, yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005; na kutokana na mapatano hayo Sudan ya Kusini ikawa taifa huru tarehe 9 Julai 2011.

Hilo ni jambo la kujivunia, na kijana wa Machakos asione haya kulitaja mbele za watu. Mji usio na bahari wala jeshi uliwapa wapiganaji viti vya kukalia, wakakaa.

Walakini, mapatano yale makubwa ya mwaka 2005 na yasomwe tena kwa makini. Ni kitabu kinene. Ndani yake utakuta namna ya kugawana fedha za mafuta, nusu kwa nusu, katika visima vya Kusini. Utakuta hesabu ya viti vya bunge la taifa: asilimia 52 kwa chama kilichotawala, 28 kwa SPLM, na masalio kwa wengine. Utakuta ni askari gani waondoke wapi, na kwa muda gani. Juu ya vijiji vilivyochomwa moto, wanawake na watoto waliotekwa, na wavulana waliopewa bunduki kabla ya kubalehe, utakuta ahadi ya jumla ya kuanzisha kazi ya kulipatanisha na kuliponya taifa. Hutakuta mahakama. Nani alitenda nini, na kwa amri ya nani, hakuna aliyeulizwa, wala hapakuwekwa mahali pa kuulizwa.

Hapa ndipo ninapoona jina lile la vita vya wenyewe kwa wenyewe linavunjika. Jirani aliyebaki nyuma ya dirisha lake anaweza kudai ya kuwa hakuona. Lakini jirani aliyeitwa ndani, akaketi, akasaidia kuhesabu mapipa ya mafuta, viti vya bunge na vikosi vya askari, atasemaje ya kuwa maiti tu ndio mambo ya ndani? Ama yote ni mambo ya ndani, naye alikosea kuingia. Ama aliingia kwa haki, na haki iliyompitisha mlangoni kwa ajili ya mafuta ilimpitisha kwa ajili ya wafu pia. Mimi naona aliingia kwa haki. Kwa hiyo namwona amebeba deni.

Wenye busara ya haraka hutujibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii naipenda, lakini sijui nyingine katika lugha yetu inayotumiwa vibaya kuliko hii. Ndwele ni ugonjwa. Methali inasema ya kuwa jambo lililokwisha kupita si ugonjwa tena, basi mganga asipoteze dawa. Haisemi ya kuwa kila lililotangulia limepita. Mwanamke ambaye mwanawe alichukuliwa na askari, wala hajui hata leo kama ni mfu au hai, jambo lake halijapita. Linalala naye na kuamka naye. Kumwambia agange yajayo ni kumfunga kitambaa juu ya donda lenye risasi ndani.

Historia ya Sudan inatupa mahali pa kuipimia methali hiyo. Vita vya kwanza, vilivyoanza mwaka 1955, vilimalizwa kwa mapatano ya Addis Ababa mwaka 1972, na katika mapatano hayo uliwekwa msamaha kwa yaliyotendwa vitani. Amani ikakaa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1983 vita vikarudi, vikakaa miaka ishirini na miwili. Yakaja mapatano ya 2005, nayo, kama nilivyosema, hayakuuliza. Tarehe 15 Desemba 2013, kabla taifa jipya halijatimiza miaka mitatu, askari wa Juba walianza kupigana wao kwa wao, na moto ukaenea.

Sisemi ya kuwa msamaha ndio uliovizaa vita hivyo. Mwanafunzi wa historia atanikumbusha, na atakuwa na haki, ya kuwa mwaka 1983 Rais Nimeiry aliigawa Kusini mikoa mitatu kinyume cha mapatano, kisha akatangaza sharia nchi nzima. Na ya kuwa mwaka 2013 wakuu wa chama kimoja waligombea uongozi. Vita vina mizizi mingi. Nasema hili tu: mtu aliyeamuru kijiji kichomwe moto, kisha akaona malipo yake ni cheo na gari na mshahara, amefundishwa somo; na vijana waliosimama karibu wakimtazama wamelisoma pamoja naye. Hapana shule inayofundisha upesi kuliko hiyo.

Sasa nitoe hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, maana si haki kumpiga mweleka mtu aliyefungwa mikono. Wapatanishi husema hivi: wenye bunduki ndio wenye uwezo wa kuzinyamazisha. Ukiwaambia ya kuwa siku watakapotia saini ndiyo siku watakayoanza safari ya kwenda gerezani, hawatatia saini, na kila mwezi watakaokawia watakufa maelfu wasio na hatia. Ni yupi mwenye moyo wa kuwaambia akina mama wa Kakuma wangoje mwaka mwingine ili haki itimie? Je, haki ya wafu ni kubwa kuliko uhai wa walio hai?

Naikubali hoja hii, wala sijui jibu la kuifuta. Lau ningekuwa nimekaa katika kiti cha Jenerali Sumbeiywo, huenda nami ningaliiacha neno la mahakama ili kalamu zishuke. Lakini hoja yenyewe inathibitisha kitu kidogo kuliko wanachodhani waitumiao. Inathibitisha ya kuwa haki huweza kungoja. Haithibitishi ya kuwa haki huweza kufutwa. Mwenye deni aliyefiwa huachwa amalize matanga. Hakuna anayemwendea na daftari kaburini. Matanga yakiisha, daftari lipo. Sudan ya Kusini ilipewa miaka sita ya mpito na nyimbo za uhuru, na katika muda wote huo hakuna aliyelifungua daftari, si wao wala sisi tuliokuwa mashahidi.

Tazama basi yaliyotokea. Mwezi ule wa Desemba 2013, mjini Juba, wanaume wa kabila la Wanuer walitafutwa nyumba kwa nyumba. Mamia walifungiwa katika jengo la polisi la mtaa wa Gudele, wakapigwa risasi humo. Habari zikafika kaskazini. Wapiganaji wa upande wa pili wakalipiza kisasi juu ya Wadinka mjini Bor. Na Aprili 2014, katika mji wa Bentiu, Umoja wa Mataifa uliripoti ya kuwa raia zaidi ya 200 waliuawa msikitini walikokuwa wamekimbilia, huku redio ikichochea chuki ya kikabila. Wataalamu wa chuo kimoja cha afya cha London walikadiria ya kuwa hadi Aprili 2018 vita vile vilikuwa vimesababisha vifo vipatavyo 383,000. Aliyeuawa Bentiu hakumwua mtu yeyote Juba. Aliuawa kwa sababu ya alama za usoni na lugha ya mama yake.

Jambo hili nataka kulikalia kidogo, kwa kuwa ndani yake naona faida ya mahakama ambayo aghalabu haitajwi.

Wazee wa Ukambani, kabla ya Wazungu kujenga boma lao hapa Machakos mwishoni mwa karne ya 19, hawakuwa na gereza. Mtu akiuawa, baraza la wazee liitwalo nzama lilikaa. Jina la aliyeuawa na jina la muuaji yalitajwa mbele ya watu. Yakikanwa, kulikuwa na kiapo cha kithitu, ambacho kiliogopwa kuliko mkuki. Kisha ukoo wa muuaji ulitoa ng'ombe, na ukoo wa marehemu ukawapokea. Sitaki kuutukuza wakati ule kupita kiasi. Uhai wa mwanamke ulihesabiwa kwa ng'ombe wachache kuliko uhai wa mwanamume, na mwuaji mwenye ukoo tajiri aliweza kwenda zake bila ya kujuta. Lakini wazee wale, ambao hakuna awezaye kuwaita mawakala wa nchi za ng'ambo, walifahamu ya kuwa kupatanisha huja baada ya kutaja. Hapakuwa na ng'ombe wa damu isiyo na jina. Anayeniambia ya kuwa kuuliza ni desturi ya Ulaya na kusahau ni desturi ya Afrika, na aje aniambie aliisikia kwa mzee gani.

Ukoo, hata hivyo, ulilipa kwa kuwa uliaminiwa kuwa umeua. Imani hiyo katika kijiji chenye ng'ombe na wazee huleta amani. Katika nchi yenye bunduki na redio huleta Bentiu. Ikiwa Mnuer ameuawa na Wadinka wote, basi Mdinka yeyote anafaa kulipizwa, hata mtoto. Mahakama ndiyo inayouvunja mnyororo huu, maana haishitaki kabila. Humwita mtu mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, ikamwambia: wewe, siku fulani, mahali fulani, uliamuru hivi. Kwa kumwita yeye huwaachilia jamaa zake maelfu ambao hawakuamuru kitu. Watu hudhani ya kuwa hakimu huja kwa ajili ya waliodhulumiwa tu. Huja pia kwa ajili ya majirani wa mdhalimu na watoto wake, ambao bila ya yeye watabebeshwa damu wasiyoimwaga.

Niirudie Kenya, maana ni rahisi kuandika juu ya makosa ya nchi ya pili.

Tarehe 18 Julai 1997 Kenya ilimkamata Nairobi Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda katika miezi ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ikampeleka mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha. Alikiri makosa, na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakupata kuwako kabla yake kiongozi wa serikali aliyehukumiwa kwa kosa hilo na mahakama ya kimataifa. Alikuwa mgeni katika nchi yetu, na ugeni wake haukumkinga.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Katika muda huo, mwaka 2005, Kenya ilijiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ikaahidi kuwakamata watakaotakiwa nayo. Mwaka 2009 mahakama hiyo ilitoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir wa Sudan kwa yaliyotendwa Darfur, na mwaka 2010 ikaongeza shtaka la mauaji ya kimbari. Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua Katiba mpya katika uwanja wa Uhuru Park. Ibara ya pili ya Katiba hiyo inasema ya kuwa mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Miongoni mwa wageni wa heshima walioketi jukwaani siku ile ile alikuwa al-Bashir. Alikula, akapeana mikono, akarudi kwao.

Serikali ilijieleza ya kuwa majirani wote walialikwa, na ya kuwa Umoja wa Afrika ulikuwa umewaambia wanachama wake wasishirikiane na mahakama ile katika jambo hilo. Mahakama Kuu ya Kenya haikuridhika: tarehe 28 Novemba 2011 iliamuru al-Bashir akamatwe akikanyaga tena nchi hii, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikathibitisha ya kuwa Serikali ilikuwa imekiuka wajibu wake. Sudan ilikasirika, ikamwamuru balozi wa Kenya aondoke katika muda wa saa 72, ingawa baadaye mambo yalitulizwa.

Kwa nini mmoja alikamatwa na mwingine akaandaliwa kiti? Wako watakaosema ni ukarimu, nao ukarimu ni sifa yetu. Lakini ukarimu wetu una mipaka tangu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiyesamehewa jembe atasamehewaje damu? Tofauti ya kweli baina ya wawili wale naiona ni moja. Kambanda alikuwa amekwisha kuanguka. Al-Bashir alikuwa angali na jeshi, na mafuta, na kura ya maoni ya Kusini iliyotazamiwa mwaka 2011. Haki ilimfikia aliyekuwa chini ikamwogopa aliyekuwa juu. Na haki inayoogopa walio juu haimfai mtu wakati anapoihitaji, maana wakati huo ndio mdhalimu yuko juu.

Iko hoja nyingine, na hii huniuma zaidi. Baraza la Usalama lilipoipeleka kesi ya Darfur The Hague, tarehe 31 Machi 2005, wanachama 11 walikubali, Tanzania ikiwa mmoja wao, na wanne walijizuia kupiga kura, miongoni mwao Marekani na China. Katika mataifa matano makubwa ya Baraza hilo, matatu, yaani Marekani, China na Urusi, hayajajiunga na mahakama hiyo. Yaani wakubwa huwapeleka wengine mbele ya hakimu ambaye wao wenyewe hawakubali kusimama mbele yake. Kwa miaka mingi kila aliyeshitakiwa huko alikuwa Mwafrika. Wakenya waliyaona hayo kwa macho yao. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, ambamo watu 1,133 walikufa kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, Bunge letu lilikataa mwaka 2009 mswada wa kuunda mahakama hapa nyumbani. Kesi zikaenda The Hague, na kufika mwaka 2016 zote zilikuwa zimeanguka bila ya mtu kutiwa hatiani. Wengine walifurahi, wengine walilia. Waliofiwa walibaki na makaburi yao.

Kwa hiyo mzani ule umepinda. Mwenye kukana hilo hasemi kweli. Lakini mzani uliopinda kwa mwenye duka hautupi mnunuzi nafuu kwa kutupwa mtaroni, ili kila mtu apimiwe kwa macho. Na kupinda kwake hakumfanyi mshitakiwa kuwa hana hatia. Mwizi aliyekamatwa peke yake katika kundi la wezi kumi ana haki ya kulalamika ya kuwa tisa wameachwa. Hana haki ya kudai arudishiwe alichoiba.

Na mara chache mzani huo hufanya kazi. Kiongozi mmoja wa wanamgambo wa Darfur aitwaye Ali Muhammad Ali Abd-Al-Rahman, maarufu kwa jina la Ali Kushayb, alijisalimisha mwaka 2020. Oktoba 2025 alionekana ana hatia katika mashtaka 27 ya makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu, aliyoyatenda mwaka 2003 na 2004, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Ni mtu mmoja, baada ya zaidi ya miaka ishirini, naye hakuwa mkubwa wa wakubwa. Al-Bashir aliangushwa mwaka 2019 lakini hakupelekwa The Hague. Hata hivyo, wanawake na wanaume wa Darfur walisimama wakaeleza mbele ya mahakimu yaliyowapata, na maneno yao yakaandikwa, wala hakuna jeshi litakaloweza kuyafuta.

Waliokuwa washirika wa Kushayb hawakwisha. Kikosi cha RSF, ambacho asili yake ni wanamgambo wale wale wa Darfur, kiliingia vitani na jeshi la Sudan tarehe 15 Aprili 2023. Februari 2025 RSF na wenzao walikusanyika Nairobi, wakatia saini hati ya kuunda serikali yao. Khartoum ikamwita nyumbani balozi wake. Kenya ilisema inatoa tu mahali pa watu kuzungumza, kama ilivyofanya siku zote. Ni kweli ya kuwa imefanya hivyo siku zote, na Machakos ni ushahidi. Ndiyo maana naona ni halali kwa mwanafunzi wa Machakos kuuliza: mwenye nyumba aliwauliza nini wageni wake kabla ya kuwapa kalamu?

Isidhaniwe ya kuwa Afrika haijui njia. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo ilichunguza vita vya Sudan ya Kusini, na ripoti yake, iliyocheleweshwa hadi Oktoba 2015, haikuzipendelea pande zote mbili. Mapatano ya Agosti 2015 yaliyarekebisha yale yaliyosahauliwa Machakos na Nairobi: yaliahidi tume ya ukweli, mamlaka ya fidia, na mahakama ya pamoja yenye mahakimu wa Sudan ya Kusini na wa nchi nyingine za Afrika, itakayoundwa na Umoja wa Afrika wenyewe. Ahadi hiyo ikaandikwa tena katika mapatano ya Septemba 2018. Wanaosema The Hague ni mbali na ni ya wageni wamepewa hapa mahakama ya karibu na ya kwao. Miaka zaidi ya kumi imepita, na mahakama hiyo haijafungua mlango. Wa kuifungua ni wale wale ambao huenda wakaitwa mbele yake, na mashahidi wa mapatano hawajawashika sana mkono.

Lakini mlango mmoja uko kwetu. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Sheria hiyo huipa Mahakama Kuu uwezo wa kumhukumu mtu aliyetenda mauaji ya kimbari, makosa ya kivita au makosa dhidi ya ubinadamu tangu siku hiyo, hata kama aliyatenda nje ya Kenya, mradi amepatikana ndani ya Kenya. Na Nairobi si mahali pageni kwa wakubwa wa vita vya jirani. Huja kutibiwa, huja kupumzika, huja kutia saini. Mashahidi nao wako hapa. Wengine wako Kakuma, wengine wako Nairobi na wamekwisha kujua Kiswahili. Waliokuwa watoto mwaka 2013 sasa wanalea watoto. Mahakama Kuu ya Nairobi iko kilomita zipatazo 65 kutoka mji huu ilipotiwa saini hati ya mwaka 2002, na milango yake hufunguliwa kila siku ya kazi asubuhi.